Mwenye Nyumba wa Kuaminika

Mvua ilikatika saa mbili asubuhi. Rosalia alifunga geti la nyumba yake pale Mtoni, akakatiza uchochoro uliojaa tope, akatokea barabarani na viatu vyeupe pee. Jirani aliyekuwa anakaanga vitumbua alimwamkia kama siku zote. Miguu ya Rosalia haigusi chini. Inabaki juu kiasi cha shubiri moja, na mtaa mzima unaona kwamba msimu wa masika hiyo ni nafuu kubwa.

Kuelea huko kulianzia kazini, kwenye uigizaji. Kwa miaka ishirini, kwenye tamthilia za televisheni alikuwa msichana wa kazi anayeonewa, na kwenye vichekesho msichana wa kazi anayetega sikio mlangoni. Ilipokuja filamu ya kutisha, akawa msichana wa kazi aliyekufa akarudi. Walimning'iniza kwa kamba siku tisa. Siku ya mwisho walifungua kamba, yeye akabaki palepale juu. Wakamshukuru, wakakusanya kamba zao.

Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda Kinondoni kwenye usaili wa nafasi aliyoitaka kuliko zote: mama mwenye nyumba katika tamthilia mpya. Ana miaka arobaini na sita. Alitamani, hata mara moja tu, watu wamwone amekaa kwenye kochi analetewa chai.

Aliigiza vizuri mpaka mpiga picha akasahau kuzima kamera. Mwongozaji, Audax, alikuna kidevu.

"Kuelea siyo ishu, dada. Tutakuvalisha dera refu."

"Sasa tatizo nini, braza?"

"Huo weusi. Na hiyo lafudhi ya Newala. Wewe uwe na nyumba? Watazamaji hawataamini."

"Mbona mie ninayo? Vyumba sita, na wapangaji."

"Hayo maisha tu, dada. Hii ni tamthilia."

Nafasi alipewa Anna, binti mweupe wa miaka ishirini na mbili. Rosalia alipewa ufagio. Iliuma, iliuma kweli. Alilia kidogo chooni, akanawa uso, akarudi, maana kazi hii anaipenda kuliko hasira zake.

Siku ya kwanza ya kurekodi, Anna alitakiwa amgombeze mpangaji aliyemwaga maji machafu uani. Alifoka mpaka sauti ikakauka, na bado haikukaa sawa. Rosalia akamvuta pembeni.

"Usifoke, mdogo wangu. Nyumba si yako? Simama mlangoni, muulize habari za watoto, halafu nyamaza. Atachukua ufagio mwenyewe."

Anna akafanya hivyohivyo. Mpangaji akachukua ufagio. Audax akapiga makofi.

"Umeona, dada Rosalia? Mwenye nyumba ndivyo anavyokuwa. Mtoto kazaliwa nayo!"

"Nimeona," alisema Rosalia, na alifurahi kwa dhati, kwa sababu binti hakuacha hata neno moja la aliyomfundisha.

Kisha Audax akamwomba asogee juu kidogo, maana kichwa chake kilikuwa kinaingia kwenye picha ya mwenye nyumba. Rosalia akapanda mpaka darini, na kwa kuwa alishafika huko, akaanza kutoa utando wa buibui.