Mtulinga wa Kushoto

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina boriti mia mbili na sita, hakuna fundi aliyepigilia hata msumari mmoja."

"Mwili," mjukuu akajibu bila kuinua kichwa. "Hicho nakijua tangu nanyonya, Bibi. Tulia basi!"

Bibi akatulia. Alikuwa fundi cherehani, kukaa kutwa si kitu kwake, ila kukaa kigodani mabega wazi, kanga kifuani, ukitazamwa kama nguo ya dirishani, hilo lilikuwa jipya. Chuo cha uchoraji, kabla ya kumpokea mwanafunzi, kilitaka mchoro wa mtu aliye hai, na binti alikuwa na kibibi kimoja tu. Ukutani alibandika picha ya mifupa. Kila mfupa aliugusa kwanza kwa Bibi, ndipo akauchora.

"Huu ndio mtulinga," alisema, kidole kikitembea kutoka shingoni kwenda bega la kushoto. Kikafika penye nundu, kikasita.

"Hiyo ni kazi yako, mke mwenzangu," Bibi akasema. " Ngazi za zahanati zilikuwa zimelowa, nawe kichanga uko mgongoni. Ningeanguka chali ningekulalia. Nikaangukia bega, mfupa ukavunjika, bega likabaki chini. Mpaka leo kila gauni langu natia pamba upande mmoja."

Binti akauchora mfupa ulivyo, na nundu yake. Bibi alipouona alifuta macho kwa ncha ya kanga, akasingizia vumbi la mkaa.

Mwalimu wa chuo alizungushia duara jekundu pale pale. Mtulinga hauko hivyo, alisema. Rekebisha, ulete kesho.

"Ukamjibu nini?" Bibi akauliza.

"Nikasema sawa."

"Hukumwambia bibi yako ndivyo alivyo?"

"Kulikuwa na foleni, Bibi. Halafu yule mzee habishiwi, angenikata jina."

Binti hakumwita Bibi hata akae. Alitazama picha ya ukutani, na kwa dakika kumi mfupa uliopinda miaka kumi na tisa ukanyooka kama rula.

Akapokelewa. Siku ya maonyesho ya chuo Bibi alivaa gauni lake jipya, ingawa pamba haikuficha yote. Mchoroni aliyaona macho yake, mikunjo ya shingo yake, hata kovu la sindano kidoleni. Mabega yalikuwa ya mwanamke mwingine.

"Kumbe ndiye huyu!" rafiki wa binti akasema. "Bibi, mbona pale ukutani umenyooka, hapa umeegemea upande kama kabati bovu?"

Wakacheka. Binti naye akacheka.

Njiani kurudi Bibi akasema, "Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Boriti yangu ilivunjika kwa kukubeba, fundi akainyoosha bila kunigusa."



"Nimeshindwa," binti akasema, na sauti yake ilionyesha hakushindwa. "Nakupa mji."

"Mji nitaufanyia nini? Nirudishie mfupa wangu."

Walipofika mlangoni binti akauliza polepole, "Kesho chuoni tunaanza kuchora mikono. Utakaa nikuchore?"

"Mchore yule wa ukutani," Bibi akasema, akivua gauni na kuchomoa pamba begani. "Yule hana kosa."