Sehemu ya Abiria wa Nyuma

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: gari lile jipya ni baya. Nimeliendesha, nimelizunguka mara tatu, nimeinama nikalichungulia chini, na bado nasema ni baya. Waliolibuni, naamini walifungiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, wakapewa simu moja kubwa na kuambiwa waitafutie magurudumu.

Mimi ni dereva. Miaka kumi na tisa nimemwendesha Hakimu, mama mpole wa sauti na mgumu wa msimamo, ambaye amestaafu lakini hakuna anayethubutu kumwita kwa jina jingine. Miaka yote hiyo tulikuwa na gari moja, refu, jeusi, la kifahari, la aina ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Magari mengi siku hizi yanajiburuta kwa miguu ya mbele. La kwetu lilisukumwa, na ulipokanyaga mafuta ulihisi kiti kinakupokea mgongo taratibu. Kila Jumamosi nililiosha kwa mikono yangu, nikapaka mafuta ngozi ya viti mpaka ikateleza. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama siku nikifa nitataka kuzikwa kaburini au kwenye buti.

Sasa, Hakimu ana mdogo wake mmoja tu, ambaye sote nyumbani tunamwita Mama Mdogo. Anaishi mji wa mbali, mwendo wa saa tano, na ni mgonjwa wa kitandani. Zamani tulikwenda kila mwezi. Halafu safari zikaanza kuahirishwa. Mimi naamka alfajiri, napima oili, najaza upepo, naleta gari mlangoni, Hakimu anatoka na mkoba wake, anasimama kibarazani, analitazama gari, kisha anasema, "Tuache kidogo, Baba Pacha. Wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Mama Mdogo alikuwa anatuma ujumbe, na kila ujumbe ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Nilijiambia Hakimu anaogopa kumwona mdogo wake akiwa katika hali ile. Sikumlaumu.

Binti wa Hakimu ndiye aliyeleta hadithi ya gari jipya. Binti huyo ni daktari, sasa anasomea mifupa, mimi ndiye niliyempeleka shule tangu darasa la pili, na ananiita mjomba. Alikuja Jumapili moja, akakuta mama yake hajasafiri tena, akasema, "Hili gari libadilishwe. Toleo jipya limetoka. Mama anunue, aende akamwone mdogo wake."

Nilicheka. Gari letu lingefika kwa Mama Mdogo hata nikifumba macho. Lakini Hakimu alinigeukia akasema, "Nenda ukalione. Wewe unayajua magari. Ukisema ndiyo, nanunua. Ukisema hapana, basi, tunabaki na letu."

Nikaenda, tena kwa hasira, maana kuombwa ushauri juu ya kubadilishiwa gari ni sawa na kuombwa ushauri juu ya kubadilishiwa mke.

Lilikuwa limewekwa katikati ya ukumbi wa vioo, chini ya taa kali. Sura yake ya mbele imevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Vitasa vya milango vimezama ndani, unasimama hapo unasubiri vitoke, kama umekuja kuomba chumvi. Ndani hakuna gia. Kuna kijiti kidogo kama kidole cha mwisho. Dashibodi yote ni kioo, kutoka mlango huu hadi mlango ule.

"Nikitaka kupunguza baridi?" nikamuuliza muuzaji, kijana wa viatu vyembamba.

"Unagusa hapa, mzee, halafu hapa, halafu unachagua."

"Na barabara ataitazama nani?"

Akacheka, akidhani natania. Tukatoka nalo. Nilipokanyaga mafuta nikasikia mngurumo mzuri sana, mzito, nikaanza kulegea moyo kidogo. Muuzaji akaniambia ule mlio unatoka kwenye spika, na kwamba naweza kuchagua mwingine.

"Yaani injini imezibwa mdomo, spika inasema kwa niaba yake?"

"Ndiyo, mzee," akajibu kwa furaha.

Tairi la akiba halimo. Kuna chupa ya gundi ya kuzibia pancha. Nikamuuliza kama mtu aliyependekeza litolewe walimtoa pamoja nalo, hakunielewa. Nitakubali jambo moja tu, kwa sababu mimi si mwongo: bado linasukumwa kwa nyuma. Hapo waliogopa laana.

Tuliporudi, alinifungulia mlango wa nyuma. "Karibu ukae huku, mzee, uonje."

"Nikae nyuma nifanye nini? Mimi mgeni rasmi?"

Basi akanipa karatasi ya maoni. Kampuni ilitaka kujua watu wanasemaje. Ilikuwa na sehemu mbili, Sehemu ya Dereva na Sehemu ya Abiria wa Nyuma. Ya dereva niliijaza hadi pembeni, nikageuza, nikamalizia mgongoni. Nikaanza na ya pili.

"Hiyo atajaza mheshimiwa mwenyewe siku akija," muuzaji akasema.

"Hana haja ya kuja. Mimi namjua."

Nikaijaza. Kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Nikaomba nakala, nikarudi nyumbani kifua mbele, nikaiweka mezani mbele ya Hakimu na binti yake, nikasema, "Hapana."

Hakimu alitikisa kichwa kukubali. "Basi," akasema. "Tumesikia." Akaikunja miwani yake. Uso wake haukuonyesha kitu, na mimi nikajipongeza kwamba kesi imekwisha.

Daktari akaichukua karatasi. Alisoma upande wa dereva akitabasamu. Kisha tabasamu likakatika, akasoma kwa sauti: "Abiria wa nyuma hana shida yoyote na gari la zamani. Hajawahi kulalamika. Kiti kizuri, hakuna mlio." Akaiweka chini. "Mjomba, umekaa nyuma ya gari letu lini?"

"Mimi ni dereva. Dereva anakaa mbele."

"Nimekuuliza lini."

"Binti yangu, mimi gari hii naijua kuliko navyowajua wanangu."

"Siku gani? Mwaka gani? Hata kwenda kununua mkate?"

Damu ilinichemka. Mtoto niliyemfungia mkanda wa kiti, niliyemfuta makamasi, leo ananihoji mbele ya mama yake kama mwizi wa kuku. Nilimwambia kwamba mifupa ni mifupa na magari ni magari, kila mtu abaki kwenye karakana yake. Nilimwambia nilikuwa naendesha yeye akiwa bado analowesha kitanda. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki.

Alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo. Panda nyuma, upande wa mama."

Nilimtazama Hakimu aniokoe. Hakimu alikuwa anatazama meza.

Nikapanda. Nasema kweli, hata kuufungua mlango ule kutoka nje kwa ajili yangu mwenyewe mkono ulikuwa mgumu. Nilikaa kwenye ngozi niliyoipaka mafuta kwa miaka kumi na tisa, na ngozi ikashuka. Ikashuka tena. Sponji ilikuwa imekufa kabisa, na chini yake kulikuwa na chuma, kimekatiza paja. Nikasogea kukikwepa, mguu ukagota kwenye lile tuta la katikati ambamo propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu, inapita kwenda nyuma. Njia pekee ya kukaa ilikuwa kuegemea ubavu mmoja, kiuno kimepinda.

Daktari akaingia barabara kuu, akaongeza mwendo. Hapo ndipo mlio ulipoanza. Mbele, miaka yote, nilikuwa nasikia ukimya na kuusifia kwa watu. Nyuma kulikuwa na mngurumo unaotoka chini, kwenye beringi ya propela, mzito, usiokatika. Ulipanda kwenye chuma, chuma kikaupeleka kwenye nyonga, nyonga ikaupeleka kwenye meno. Mimi ni mtu wa magari. Ningekuwa nimeketi pale siku moja tu, ningejua kabla ya kilomita ya kwanza kwisha.

"Geuza," nikasema.

"Hizi ni dakika kumi na mbili, mjomba."

"Nimesema geuza."

"Kwa Mama Mdogo ni masaa matano. Kwenda tu. Halafu kurudi." Alikuwa analia, na alikuwa anaendesha vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. "Mimi nilikaa hapo mwezi uliopita, nikashuka nachechemea. Nilimwambia mama akuambie. Akasema nisithubutu kukugusia."

Tuliporudi nilishuka nikiwa nimeshika mlango. Sikumsubiri mtu. Nilipita moja kwa moja hadi sebuleni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilimpandishia Hakimu sauti.

"Kwa nini hukusema, mama? Mimi nipo kwa kazi gani? Kila asubuhi nakuuliza, gari iko sawa, unasema iko sawa. Iko sawa gani ile? Ile ni gari au ni mashine ya kusaga?"

"Nilisema," akajibu.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Nilikuambia kuna kitu kinanguruma huku nyuma. Ulisimamisha gari, ukashuka, ukafungua boneti, ukasikiliza. Ukarudi ukaniambia, mama, hii ingekuwa na mdomo ingekuambia haina tatizo. Ukaudhika. Siku nzima hukuongea." Alinyoosha vidole vyake juu ya goti. "Na kila Jumamosi nakuona dirishani na kitambaa chako. Nikaona nikisema tena, nitakuwa nimemtukana mtu wa nyumbani kwako."

Nilikumbuka. Ubaya ni kwamba nilikumbuka vizuri, hadi mahali tulipokuwa tumesimama. Nilikuwa nimesikiliza injini. Mtu anakwambia nyuma, wewe unaenda kufungua mbele.

"Kwa hiyo kule kibarazani," nikasema, "ulipokuwa unaahirisha."

"Nilikuwa najaribu kujikaza, Baba Pacha. Siku nyingine nilifika hadi ngazi ya mwisho."

Nilitoka uani. Nililipiga gari teke kwenye tairi, teke la kitoto, kidole kikaniuma wiki nzima. Nilikuwa na hasira na gari, na Hakimu kwa upole wake usio na maana, na Daktari kwa kuwa sahihi. Lakini hasira hizo zote zilikuwa zinakwepa mahali zilipopaswa kwenda, na mimi nilikuwa najua. Mwanamke amekaa mwaka mzima bila kumwona ndugu yake wa pekee kwa sababu dereva wake ana kichwa kigumu na anapenda kusifiwa.

Nikarudi ndani, nikachukua ile karatasi, nikaichana. Nikasema, "Nunua."

Gari jipya liliingia uani baada ya siku tisa, na siku ya kumi tuliondoka asubuhi. Lilinitesa njia nzima. Lilipiga kengele kwa sababu nimekaribia mstari. Lilipiga kengele kwa sababu, kwa maoni yake, nimechoka. Nilipojaribu kupunguza baridi nikafungua muziki. Nilikuwa nalitukana kimoyomoyo, tusi kwa kila kilomita, mpaka nilipotazama kioo na kuona kichwa cha Hakimu kimeegemea kiti, mdomo wazi kidogo, mkono umelala tu pajani. Alikuwa amelala. Sikuwa nimemwona amelala garini tangu sijui lini, na sikuwahi kujiuliza. Nikaacha kutukana, nikashika usukani kwa mikono miwili.

Mama Mdogo alikuwa kitandani karibu na dirisha, amepungua hadi shuka lilikuwa kama halina mtu. Ulimi tu ndio ulikuwa haujapungua.

"Dada," akasema. "Mwaka mzima. Nilidhani umeshanizika ukasahau kuniambia."

Hakimu alisimama katikati ya chumba na mkoba wake. "Kazi zilinibana, mdogo wangu."

"Kazi gani? Wewe si umestaafu?"

Hakimu aliutazama mkoba, akaanza kutafuta ndani yake kitu ambacho hakikuwemo. Nilikuwa mlangoni na mizigo mikononi, na nikaelewa anachofanya. Alikuwa ananifichia tena. Alikuwa tayari mdogo wake afe akiamini hakupendwa, ili mimi nisiaibike. Nilikasirika mpaka macho yakaniuma.

"Siyo kazi, Mama Mdogo," nikasema. "Gari ilikuwa mbovu. Ilikuwa inamuumiza, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu ni nzima. Alikuwa anatoka kila wiki, na mkoba huohuo, anashindwa kupanda. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Hakimu aliacha kutafuta. Mama Mdogo alinitazama kwa muda mrefu, na sikuyakwepa macho yake.

"Na hii mliyokuja nayo?" akauliza.

"Hii ni mbaya sana," nikasema. "Lakini amelala njia nzima."

Hakucheka. Aliivuta miguu yake pembeni chini ya shuka, mmoja mmoja, kwa taabu, ili dada yake apate pa kukaa.