Nipokeeni

...tena atamaliza peke yake, wasidhani, Yunusu huyu huyu aliyechimba kisima cha Kinjumbi mpaka akasikia majini wanapiga soga huko chini, kaburi kitu gani, kishimo cha kupandia mnazi, ila jasho limemwingia machoni na jembe limeshafika kwenye mawe, kila likishuka linarudi na cheche... "Nipokeeni!" kaita, ndivyo ilivyo, mtu akichoka anaita, mwingine anaruka shimoni, zamani hata kuita huwahi, watu wanagombania mpini, na mgomvi mkubwa marehemu mwenyewe, "Toka humo Yunusu, unaparua kama kuku!", jirani yake Idd alikuwa na mdomo yule, Mungu amrehemu... leo ukiinua kichwa unaona migongo ya simu tu, vijana wamejipanga ukingoni, shingo zimeinama, ungedhani wanaomba dua, "Baba mdogo, sogea kidogo, kivuli chako kinaharibu," huyo Shamte, mtoto wa Idd wa kumzaa, anarusha laivu mazishi ya baba yake, ndugu wako Maskati wanatazama, "Wasalimie, wanakuona," awasalimie! na udongo mpaka kwenye ndevu! "Waambie waje wachimbe!", wanacheka huko, anawasikia, "Mzee hajambo huyo, bado ana maneno"... na grupu la kijiji tangu alfajiri pole tupu, vikatuni vinalia machozi, pole zingekuwa majembe Idd angeshafika peponi na chai ameshakunywa, na siyo kwamba Yunusu hana simu, anayo, tochi yake inamulika mpaka Mafia, kaiacha kwa mkewe Mwahija, kaburini mtu anaingia na mikono miwili... haya, mwanandani bado, kile kishimo cha ndani cha kumlaza maiti, adhuhuri inakaribia, akikaza anamaliza, nani hajui, halafu kesho barazani, mimi bwana, Idd nimemchimbia peke yangu... peke yangu... hebu ngoja, kwani anayechimbiwa na mtu mmoja ni nani, si maiti ya kuokotwa ufukweni, haina jina wala jirani, Idd huyu aliyemchimbia mama yake Yunusu kwenye mvua ya masika, maji yanaingia, anayachota kwa sufuria, anatukana mawingu, leo awe na mchimbaji mmoja, eti kwa kuwa huyo mmoja ana nguvu za tembo? hapana, sifa hiyo haitaki, wampe mwingine... kachomeka jembe, kaegemea ukuta wa udongo, "Baba mdogo, mbona umesimama?" "Nimechoka," neno hilo hajalisema tangu azaliwe, Mwahija angelisikia angeita mganga, "Shamte, shuka unipokee," "Dakika moja, baba, mtandao umekata," haya, ukate, urudi, ukate tena, yeye hatoki na hachimbi, adhuhuri imkute humu, alasiri imkute, malaika wakija kuhoji wamkute yeye badala ya Idd, atawajibu bila kigugumizi, atawaambia kaburi hili lina wenyewe, wako hapo juu, anzeni nao...