Gari la Meneja na Kamba ya Mkonge

Julai ile ya mwaka 1951, baridi ilishuka Kimamba hata umande ukawa unadondoka kutoka mapaani kama mvua. Urbanus, dereva wa Meneja wa shamba la mkonge, alikuwa amekwisha kuonywa: Jumatatu alfajiri gari lisipowaka, Meneja akachelewa kikao cha Kilosa, dereva angekabidhiwa panga akakate mkonge.

Jumapili alfajiri alilijaribu. Alizungusha hendeli mpaka mabega yakamwuma. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Ilipoitika hatimaye, ilipiga kelele, kata-kata-kata, kama mtu atwangaye sufuria tupu.

"Ni pistoni," alisema kwa huzuni. "Imekufa."

Mwanasha, Mkaguru aliyefanya kazi ya kuanika nyuzi za mkonge, alikuwa akipita kwenda kisimani. Aliutua mtungi ili acheke vizuri. Wakaguru na Wanyamwezi ni watani, hukejeliana na hata kuchukuliana mali bila ugomvi, na Urbanus alikuwa Mnyamwezi.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, nawe umeshindwa na chuma chenye magurudumu? Libebe basi."

"Nenda zako, Mkaguru. Gari hulijui."

"Silijui. Je, na mchana huwa hivi?"

"Mchana huwaka mara moja, wala halipigi kelele."

"Pistoni gani hiyo ifayo alfajiri ikafufuka adhuhuri? Hebu funua."

Urbanus alifunua boneti, na harufu ya petroli ikawapanda puani. Waya wa choki, kifaa cha kuzidisha petroli injini ikiwa baridi, ulikuwa umekatika mwezi Mei, naye Urbanus akaweka kamba ya mkonge mahali pake. Mwanasha aliigusa. Ilikuwa imekazana kama uzi wa zeze.

"Jana jioni uliliosha?"

"Huliosha kila jioni, hata humu ndani. Meneja hupenda usafi."

"Na kamba ya mkonge ikilowa hufanyaje, ewe mkazi wa shamba la mkonge?"

Urbanus aliinama akaipapasa kamba. Ikilowa hujikaza, ikawa fupi. Kumbe usiku kucha kamba ilikuwa ikiivuta choki, hata injini ikanyweshwa petroli kupita kiasi. Na ncha yake yenye fundo iliinuliwa ikafikia feni, ikawa inapigwa. Jua lilipoikausha, ililegea.

Urbanus aliitupa kamba, akachomoa waya wa breki ya baiskeli yake, akaufunga mahali pale. Jioni hiyo hakuliosha gari.

Jumatatu liliitika kwa mzunguko wa kwanza, likanguruma kwa upole. Meneja akapanda. Walipopita mbele ya nyumba ya Urbanus, Mwanasha alikuwa mlangoni, akimfunga miguu jogoo wa dereva bila haraka yoyote.

"Simamisha," Meneja aliamuru. "Mwanamke yule anakuibia."

"Haibi, Bwana. Ni mtani wangu, anachukua haki yake."

"Haki gani? Simamisha, nasema."

"Nikisimamisha, Bwana, huenda lisiwake tena."

Meneja aliitazama saa yake, akaashiria waendelee. Urbanus akakanyaga mafuta. Nyuma yao Mwanasha alilishika bawa la jogoo, akampungia dereva kwaheri.