Kumpita Bibi

Bibi kizee wa kwenye kompyuta alikufa mara sita sebuleni kwangu Jumamosi ile, na mara zote sita mjukuu wangu alimpa pole kabla hajakata roho.

Mjukuu wangu anasomea utabibu wa jeshi. Kambini wanavaa miwani mikubwa inayofunika uso, na kujikuta barabarani penye lori lililolipuliwa na majeruhi kumi na wawili, wote wa kutengenezwa, ila damu yao inatisha vilevile. Ana dakika sita. Kila majeruhi amvishe kadi: nyekundu kwa wa kushughulikiwa sasa hivi, manjano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayejiweza. Nyeusi ni ya aliyekwisha kufa, au aliye hai bado lakini hapo alipo hakuna mkono utakaomwokoa. Huyo unampita. Alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara mbili. Jumatatu ilikuwa ya tatu, na baada ya tatu hakuna nyingine: ukishindwa unapelekwa ghala la sare, ukapange buti mpaka mkataba uishe.

Alikuwa amepewa ruhusa ya siku mbili na programu ya kujifanyia mazoezi. Nikavuta kigoda nikaketi nyuma yake, nione kinachomshinda.

Mikono yake ilikuwa myepesi, macho makali. Lakini katikati ya barabara alilala yule bibi kizee, kifua kimefumuka, akisema kwa sauti ya kukwaruza, "Mwanangu, usiniache." Na mjukuu wangu, niliyemlea mimi tangu ana meno mawili, akaacha kila kitu. Shikamoo, bibi. Pole. Nipo hapa. Akambandika bandeji isiyosaidia kitu, akamtuliza, sekunde zikamwagika.

Mjomba wake, aliyejinyoosha kochini, akamcheka kwamba jeshi zima limeshindwa kumtisha, katuni imeweza.

Mimi sikucheka. Nilichukia. Nikasema mashine inayomwadhibu mtu kwa adabu yake haikulelewa na mtu.

Mjukuu wangu alibonyeza kitufe, zoezi lilelile likaonyeshwa upya, akanionyesha upande ambao hakuutazama. Nyuma ya lori kijana ameegemea tairi, paja linavuja. Hapigi kelele. Anautazama tu mgongo wa mjukuu wangu aliyepiga magoti kwa bibi kizee. Kisha kidevu kikashuka.

"Huyu alihitaji mkanda wa kukaza paja tu, bibi. Sekunde ishirini," alisema. "Wamempa mpaka umri. Miaka kumi na tisa."

Nikamuuliza kama amejaribu kuziba masikio. Akasema mkufunzi hakubali, maana masikio ndiyo yanayomgundua anayekosa pumzi.

Adabu ile niliitia mimi, kwa maneno na mara nyingine kwa ufito. Nani mwingine angeitoa?

Nikaamuru meza isogezwe ukutani. Mjomba nikamlaza karibu na mlango wa jikoni, nikamwambia paja lake limepasuka na hana sauti, jambo ambalo halijawahi kumtokea maishani. Alinung'unika kuwa sakafu ni baridi. Nikamwambia majeruhi wangu hanung'uniki. Kisha nikajilaza katikati ya chumba, goti langu bovu likagoma kunyooka.

"Bibi, wewe usilale chini."

"Nimeshalala. Toka nje, uingie na kadi zako."

Akaingia. Akainama juu yangu, vidole viwili shingoni, jicho kifuani. Nikamshika mkono. Tulipatana nitasema yale ya bibi kizee, lakini yalipofika mdomoni yakatoka mengine.

"Goti, mjukuu wangu. Naumia kweli. Ninyanyue."

Alijua siigizi; ananijua. Nikambana mkono zaidi, na mwenyewe sikujua naomba nini, abaki au aende.

Kidole kimoja kimoja, bila kuniumiza, akajinasua. Kitu chepesi kikatua kifuani pangu, kadi nyeusi. Hakusema pole. Nyayo zake zikapita karibu na kichwa changu, upesi, nikasikia mkanda ukikazwa na mjomba wake akiguna kwa maumivu ya kweli.

Nikabaki nikitazama dari. Hakuna aliyekuja kuninyanyua, na mimi sikuita.