Picha Iliyovutwa kwa Vidole

Mazishi yalikuwa kesho, na picha ya mama ya kuweka mbele ya jeneza ilikuwa bado. Kaka mkubwa ndiye aliyeidaka kazi hiyo, kifua mbele.

"Simu yangu ina megapikseli mia na nane," aliwatambia ndugu. "Hilo likamera la mdogo wangu lina kumi na mbili tu. Lipelekeni makumbusho." Mdogo wake wa kike, aliyemuuguza mama, aliendelea kuosha vyombo.

Sasa kaka alikuwa dukani kwa fundi wa kuchapisha picha. Fundi aliukuza uso wa mama kwenye kompyuta, ukawa kama uji. Macho hayakuwa na mboni. Mashavu yalijaa chenga.

"Bosi, ulipiga ukiwa wapi?"

"Chumbani kwake. Kwenye kiti cha mlangoni."

"Pazia?"

"Limefungwa."

"Ukauvuta uso karibu kwa vidole, kwenye kioo cha simu." Fundi alicheka kidogo. "Kuvuta kwa vidole ni kuikata picha tu. Megapikseli zako nyingi ulizitupa mwenyewe. Halafu kinasa mwanga cha simu ni kidogo kama ukucha, nawe umekinyima mwanga! Likamera la zamani lina kinasa kipana, linakushinda asubuhi na mapema. Ungefungua pazia, ukasogea hatua tatu, basi."

Hatua tatu. Masikio yalimwaka moto. Alikaa mlangoni kila alipokwenda, kwa sababu ya harufu ya kidonda. "Sogea basi nikuone," mama alimwambia siku ile. Naye akajibu, "Tulia hapo hapo mama, nakupata vizuri."

Alimpigia simu mdogo wake.

"Ile picha yako ya mama ipo?"

"Ipo. Kwani zako mia na nane zimekwisha, kaka?"

"Nilipiga kutoka mlangoni."

"Najua," alisema, sasa bila utani. "Hata mama alijua ni kwa nini hukusogea."

Picha ikaingia. Ilipigwa asubuhi, dirisha wazi, mpigaji akiwa amekaa kitandani. Fundi aliikuza mpaka nywele za nyusi zikahesabika. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na kovu dogo jeusi.

"Hili alikuwa nalo siku zote, au ni la ugonjwa? Kama ni la ugonjwa nilifute."

Kaka aliinama karibu na kioo cha kompyuta, akatazama sana. Hakujua.