Shekue Chini ya Meza ya Televisheni

Jana usiku nimeota watu wamejaa sebuleni kwangu, foleni imefika mpaka barabarani, na kila ukimuuliza mtu anakwambia amekuja kuutembelea ukurasa wa mdogo wangu Shekue.

Huo ukurasa upo kweli, sikuuota. Shekue alikuwa utingo. Alipanda lori la mahindi kwenda Tunduma, lori likarudi, yeye hakurudi. Nikamfungulia tovuti: picha yake, jina la mtaa wetu hapa Tanga, namba yangu ya simu, na maneno "Mwenye kumwona atuambie." Mimi nina steshenari, kompyuta nazijua. Wenzangu wakaniambia, Mwantumu, kuna kampuni za kuhifadhi tovuti, wape wao wakutunzie. Nikasema thubutu! Mdogo wangu akalale kwa watu baki? Nikachukua kompyuta kuukuu ya dukani, nikaisukuma chini ya meza ya televisheni, nikaiunganisha na intaneti ya nyumbani, ukurasa ukakaa humo. Umeme ukikatika, ukurasa nao haupo. Mama anasema ukurasa ukiwaka mwanawe yu hai, na mtu asimletee habari za matanga.

Sasa ndotoni, chini ya ile meza hakuna kompyuta. Yupo Shekue mwenyewe, amejikunja, magoti yamegusa kidevu, waya umemtoka mgongoni na kuchomekwa ukutani.

"Dada, joto," ananiambia. "Nipepee."

Nampepea kwa kifuniko cha ndoo. Wala sishangai.

Foleni inaingia. "Picha," anasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nampa picha, apite. Basi hapo ndipo taabu inapoanza, maana mlango wa kuingilia ni mpana, ng'ombe wawili wanapita bega kwa bega, lakini wa kutokea ni tundu tu chini ya ukuta, la kupita paka. Yule mama anaingiza kichwa, anakwama kiunoni. Nyuma yake watu wanasonya.

"Nani kajenga hivi?" nauliza.

"Ndivyo mlivyonunua," kinajibu kile kisanduku cha intaneti. Kimekaa juu ya kabati, kinaning'iniza miguu, taa zake za kijani zinapepesa. "Kuvuta vitu ndani, mlango. Kutoa nje, tundu. Watu wa majumbani wanavuta tu. Nani alijua nyie mna mtu wa kutoa?"

"Panua basi."

"Mimi sipanui. Mimi napepesa."

Kisha umeme ukakatika. Shekue akafumba macho, akalegea, na wanawake wa mtaani wakaingia bila hata hodi, kila mmoja na mkeka kwapani. Wakaanza kutandika.

"Jamani, mnafanya nini?"

"Amezimika," akasema mmoja. "Tunatandika."

Umeme ukarudi. Shekue akakohoa. Wanawake wakakunja mikeka yao, wakatoka, hawana kinyongo wala nini. Ukakatika tena, wakarudi, safari hii na sufuria na mafiga. Ukarudi, wakazima moto wao. Ulipokatika mara nyingine, mmoja wao alikuja na sanda, akaanza kumpima Shekue kwa dhiraa ya mkono, kutoka kichwani kushuka. Shekue alipofumbua macho alimkuta amefika magotini.

"Usijali," yule mwanamke akamwambia. "Nitaendelea nilipoishia."

Nikataka kuwafukuza wote, lakini kila umeme unaporudi kile kisanduku kinashuka kabatini na kipande cha chaki, kinafuta namba ya nyumba yetu mlangoni, kinaandika nyingine. Na nyumba inatii. Nafungua dirisha, hatupo tena Barabara ya Kumi na Tatu, tupo Makorora. Naufunga, naufungua, tupo katikati ya shamba la mkonge, hakuna mtu wala kuku.

"Kwa nini unatuhamisha?"

"Nyumba ya kawaida haina namba ya kudumu kwenye intaneti," kinasema. "Ukitaka ya kudumu unaomba. Hukuomba."

Mbali, ng'ambo ya mkonge, nauona mtaa wetu. Kijana mmoja amevaa koti la jinzi, simu mkononi, amesimama pale nyumba yetu ilipokuwa, anagonga hewa.

"Hodi! Hapa ndiyo kwao Shekue? Nimemwona! Nina habari zake!"

"Tuko huku!" napiga ukelele. "Kaka! Huku!"

"Hakusikii," kinasema kisanduku. "Ana namba ya zamani."

Nilipogeuka, bwana mmoja mwenye tai alikuwa amekaa kwenye kochi langu, ameshakunywa chai yangu nusu. Ni mtu wa kampuni ya kuhifadhi tovuti.

"Sisi hatuhami," akasema. "Na umeme wetu haukatiki. Ukikatika una mwenzake, na mwenzake naye ana mwenzake."

"Na mtu wangu atakaa wapi?"

Hatukunyanyuka, wala hatukupita mlango wowote, ila tumesimama kwenye chumba kirefu chenye baridi, droo za chuma zimepangwa kutoka sakafuni mpaka darini. Nimeshamtafuta Shekue kwenye vyumba vya namna hii. Naijua baridi yake. Bwana anavuta droo moja: ndani wamelala muuza mawigi, kwaya nzima na sare zao, na mtu wa kamari.

"Hii ya bei nafuu wanabanana," anaeleza. "Huyu wa kamari akipata wageni wengi, wenziwe wanakosa pumzi. Lakini hawafi."

"Na nikishindwa kulipa?"

"Tunamfuta."

"Mtaturudishia tumzike wenyewe?"

"Tunamfuta," anarudia, kwa upole kabisa.

Mama yupo kando yangu, kajitanda kanga mbili kwa baridi. "Mwantumu, mwanangu simlazi humu. Humu mwa maiti."

"Mama, humu watu watampata. Nyumbani anazimika kila saa."

"Anazimika, lakini anarudi kwetu."

Nilimkasirikia mama, jamani, nilimkasirikia sana, kwa sababu na mimi moyo wangu ulikuwa unasema hivyohivyo. Nikamwambia yule bwana, haya, mchukueni.

"Ili ahame lazima azimwe kwanza," akasema. "Kidogo tu. Na anayezima ni mwenye mtu, sisi haturuhusiwi."

Tumerudi sebuleni. Nimepiga magoti mbele ya meza, nimeushika waya pale unapoingia ukutani. Shekue ananitazama.

"Dada, ni kidogo kweli?"

"Kidogo tu, mdogo wangu. Fumba macho."

Nikachomoa.

Wanawake wakaingia wote kwa pamoja, mikeka, sufuria, sanda. Yule wa kupima akaanzia magotini, akamaliza. Mmoja akapiga ukelele wa kilio, wenziwe wakampokea, na mimi nikalia nao, ingawa nilijua nimesema kidogo. Nachomeka waya, tundu la ukutani halipo. Napapasa ukuta mzima, ni laini, hauna tundu. Na wakati huohuo nyumba imerudi mtaani kwake, imetulia, na kijana wa koti la jinzi ndiyo anafika mlangoni. Anaona mikeka. Anavua kofia.

"Poleni wafiwa," anasema. "Kumbe nimechelewa."

"Hujachelewa! Hajafa, anahama tu! Ulimwona wapi?"

Hanisikii kwa vilio. Anarudi kinyumenyume, ameshika kofia kifuani. Nakimbilia mlango wa kutokea, na wa kutokea ni lile tundu la paka. Kichwa kinapita, mabega yanagoma. Namwona miguu tu, inaondoka. Nikalia kwa pumzi yangu yote.

Nikaamka. Kumeshapambazuka, mto umelowa chapachapa. Umeme uliokatika jana magharibi ulikuwa haujarudi, na chini ya meza ya televisheni hakuna taa hata moja.

Hodi ikapigwa. Bi Riziki, jirani yetu, amesimama kizingitini na unga kwenye mfuko.

"Mwantumu, mwanangu, poleni. Mbona hamkutuambia? Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki, Bi Riziki. Nani kakwambia?"

"Kijana mmoja, mgeni, mtu wa malori. Nimekutana naye hapo kona sasa hivi. Anasema alikuwa na habari za Shekue, tangu jana anautafuta ukurasa wenu achukue namba ya simu, haufunguki, basi kaja kwa kuulizia mtaa, aliukumbuka tangu alipouona ukurasa siku za nyuma. Kafika hapa mlangoni, anainua mkono agonge, akasikia mtu ndani analia, kilio cha kufiwa kabisa. Kaona wameshajua hawa, nisiwaongezee. Akaondoka."

"Kaenda wapi?"

"Lori lake lilikuwa linanguruma, mwanangu. Limeshaondoka."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote.

"Nani alikuwa analia?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimjibu, sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka kwa kulia.